Hodi za Kompyuta na Macho Yanayozilinda

Kuna njia mbili za kujua kama mgeni amefika. Ya kwanza ni kuacha kazi kila baada ya dakika moja ukachungulie mlangoni. Ya pili ni kuendelea na shughuli zako na kumwachia mgeni apige hodi. Kompyuta za mwanzo zilifuata njia ya kwanza: programu ilisimama na kuuliza kifaa, "Uko tayari?", mara maelfu, hata kama kifaa hakikuwa na la kusema. Njia ya pili ilipobuniwa, hodi ile ikawa ishara ya umeme inayomkatiza mchakataji katikati ya kazi yake. Katika makala haya tunaiita kikatizo.

Wengi wetu tunaosoma kompyuta huku ugenini tunakifahamu kikatizo kwa kurasa chache za kitabu cha darasani, kisha tunasonga mbele. Tunaona historia yake inastahili zaidi ya hapo. Inaonyesha kwa nini kazi isiyo na sifa nyingi, yaani kusoma msimbo wa mwenzako kabla haujapokelewa, imekuwa nguzo ya mifumo tunayoitegemea kila siku.

Tuanze mwaka 1954. Shirika la viwango la serikali ya Marekani lilikamilisha kompyuta iliyoitwa DYSEAC, iliyojengwa ndani ya trela ili iweze kuhamishwa. Ilikuwa na vihesabio viwili vya kufuatilia amri za programu. Kifaa cha nje kilipotoa ishara, mashine ilihama kutoka kihesabio kimoja kwenda kingine, ikamhudumia aliyebisha hodi, kisha ikarudi pale ilipoachia. DYSEAC ni miongoni mwa kompyuta za kwanza kabisa kumruhusu mgeni kubisha hodi namna hiyo.

Miaka michache baadaye, jijini Amsterdam, wahandisi Bram Loopstra na Carel Scholten walibuni kompyuta ya Electrologica X1 na kutaka iwe na vikatizo. Aliyepaswa kuiandikia programu za kuwasiliana na vifaa alikuwa kijana Edsger Dijkstra. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba wazo hilo lilimtia hofu. Mpaka wakati huo, programu iliyokosea ingekosea vilevile kila ilipoendeshwa upya, na kosa likatafutwa hadi lipatikane. Kwa vikatizo, hodi ingeweza kuingia kati ya amri yoyote na inayofuata. Kosa lingetokea leo, lisitokee kesho, na mwandishi asiwe na njia ya kuliita lirudi. Dijkstra hatimaye alikubali, akaifanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa, na ndiyo iliyokuwa mada ya tasnifu yake ya udaktari mwaka 1959. Mashine ya X1 imepitwa na wakati, lakini hofu ile bado iko kazini.

Hatua iliyofuata ni ya matabaka. Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na kidhibiti kimoja cha vikatizo, chipu ya Intel 8259A, yenye mistari 8. Vifaa viliongezeka, mistari ikawa haitoshi. Katika modeli ya AT ya mwaka 1984, IBM iliongeza chipu ya pili na kuichomeka kwenye mstari namba 2 wa ile ya kwanza. Hivyo mistari 16 ikabaki 15 ya kutumika, na hodi za upande wa pili zikawa zinapita milango miwili kabla ya kumfikia mchakataji.

Milango miwili ina maana ya wajibu mara mbili. Baada ya kuhudumia kifaa cha upande wa pili, programu ilipaswa kuziambia chipu zote mbili kwamba kazi imekwisha. Ikiiambia moja tu, ile nyingine huendelea kuamini kwamba mgeni bado yuko ndani, na hodi nyingine kutoka mlango ule hazipiti. Diski ya AT ilitumia mstari wa 14. Amri moja iliyosahaulika ilitosha kuinyamazisha, ingawa diski yenyewe ilikuwa nzima kabisa.

Linus Torvalds alipoanza kuandika Linux jijini Helsinki mwaka 1991, aliilenga kompyuta ya aina hiyohiyo. Lakini keneli ya Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, haikukaa kwenye mashine moja. Ilihamishiwa kwenye wachakataji wengi, na kila mmoja alikuwa na desturi zake za kupokea hodi. Kwa muda mrefu, katika mashine nyingi, shughuli mmoja alibebeshwa yote: programu ndogo moja ilijaribu kushughulikia kila aina ya kikatizo. Russell King, aliyekuwa akitunza upande wa wachakataji wa ARM, alianza kuzitenganisha aina hizo. Kuna hodi ya mgongo mmoja, inayosikika mara moja kisha ikanyamaza: ukiikosa imepotea. Kuna hodi ya king'ang'anizi, inayoendelea kulia mpaka mwenyewe ahudumiwe. Huwezi kuzipokea kwa namna moja. Mwaka 2006, katika toleo la 2.6.18, Thomas Gleixner na Ingo Molnar waliuingiza mpango huo wa kutenganisha katika keneli kwa ajili ya wachakataji wote.

Wakati huohuo milango ilizidi kuongezeka. Katika seva ya leo, hodi ya kadi ya mtandao husafiri kama ujumbe, hupitia kitengo kinachoutafsiri na kuukagua, kisha huingia kwenye kidhibiti kilicho ndani ya mchakataji mmojawapo. Kila kidhibiti huhesabu mistari yake kuanzia sifuri, kama vyumba vya mabweni mawili: namba 5 ya huku si namba 5 ya kule. Mwanzoni mwa mwaka 2015, toleo la 3.19 lilitoka likiwa na kazi ya Jiang Liu iliyoyapanga matabaka hayo kama ukoo. Kila tabaka lina rejista yake ya namba na linamjua mzazi wake tu. Upande wa ARM, Marc Zyngier aliujenga msimbo wa vidhibiti vipya juu ya mpangilio huohuo.

Mpangilio wa ukoo ulirahisisha uandishi, na ukampa mkaguzi maswali ya kuuliza. Mabadiliko yanapoletwa, yeye huuliza: tabaka hili likimaliza kazi yake, je, linamjulisha mzazi? Lisipomjulisha, tumerudi kwenye diski iliyonyamaza ya mwaka 1984. Likiomba nafasi kwa mzazi na kisha likashindwa njiani, je, linarudisha lilichochukua? Je, mistari mingi inakusanywa kwenye mmoja, au kila mstari unabaki na nafasi yake hadi juu? Mambo hayo mawili yanafanana machoni lakini yanahitaji msimbo tofauti. Tena, je, kuna mahali ambapo msimbo unaweza kusinzia ukisubiri kufuli wakati unahudumia hodi? Hapo hakuna ruhusa ya kusinzia.

Majaribio hayawezi kuchukua nafasi ya maswali haya. Mwandishi ana mashine moja au mbili mezani, ilhali keneli huendeshwa kwenye mashine za aina nyingi mno. Hitilafu inaweza kusubiri mpaka hodi mbili zigongane ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Keneli ina kinga yake: katika kila hodi 100,000 za mstari mmoja, zaidi ya 99,900 zikikosa wa kuzipokea, huufunga mstari huo na kuandika ujumbe wenye maana ya "hakuna aliyejali". Kinga hiyo huokoa mashine isilemewe na kelele. Haiwezi kurudisha hodi iliyopotea kimya.

Ndiyo maana tunathamini desturi iliyoanza mwaka 2004, ya kila anayepitisha mabadiliko ya Linux kuyawekea jina lake, na ile iliyokuja kuongezwa, ya mkaguzi naye kuandikwa jina lake kando ya mwandishi. Jina hilo ni dhamana. Linasema: nimesoma, nimefuata njia ya hodi kutoka kwenye kifaa hadi kwa mchakataji, na niko tayari kuulizwa.

Hili linatugusa hata sisi tusioandika keneli. Simu ya Android aliyonayo wakala wa pesa kule Mwanza ina keneli ya Linux ndani yake. Kila anapogusa kioo, hodi hupigwa na kupita matabaka. Ikipotea njiani, yeye ataona simu imeganda mbele ya mteja, na hatajua kwamba chanzo ni mstari mmoja ambao mtu fulani aliupitisha bila kuusoma.

Tunaweza kusema penye wengi hapaharibiki neno. Historia ya vikatizo inatufundisha kuliongezea sharti: wengi hao wawe wamesoma. Vyuoni mwetu tunapewa alama kwa msimbo tulioandika, na ni nadra kupewa kwa ule tuliousoma vizuri. Kama kuna stadi ya kwenda nayo nyumbani pamoja na shahada, tunaitaja hiyo: kukaa na kazi ya mwenzako, ukaifuata mlango kwa mlango, na kuuliza kwa adabu pale hodi inapoishia.