Mtoto Akarithi, Mama Akasahauliwa: Masuria na Wenzao Kutoka Mto Tana Hadi Pumwani

Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, wamo wanawake wawili ambao wasomaji wengi huwapita mbio. Mmoja ni Saada, kijakazi aliyempelekea Liyongo gerezani mkate wa wishwa uliofichwa tupa, shujaa akakata minyororo akatoka. Wa pili ni binti wa Wagala. Jamaa zake walipomwona Liyongo huko Pate walivutiwa na nguvu zake, wakataka mbegu yake ibaki kwao. Akaozwa binti huyo, akapata naye mtoto. Masimulizi ya Liyongo yana makao yake Shaka, Ozi na Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini, upande wa chini wa mto kutoka mji wa Garsen. Kwa hiyo kisa cha binti yule ni kisa cha nchi hii hasa: mwanamke anatolewa kwa mkubwa ili azae, na habari zake zinakomea kwenye uzazi.

Si kila mahali mwanamke wa wakubwa alikosa mali yake: miji mingine ya dunia ilikuwa na makahaba wa daraja la juu walioishi kwa mali yao wenyewe. Huko Lucknow, India, baada ya vita vya 1857, makahaba hao, walioitwa tawaif, walikutwa katika daftari za kodi miongoni mwa walipaji wakubwa wa mji. Katika majumba ya wakubwa wa pwani yetu, aliyeshika nafasi ya karibu na hiyo alikuwa suria, na suria hakuwa mtu huru. Alinunuliwa, alitekwa au alitolewa zawadi, akaingia nyumbani kwa bwana bila mahari wala walii. Sheria ya Kiislamu ilimwekea kinga moja kubwa: akizaa na bwana akamkubali mtoto, mtoto huyo ni huru na anarithi sawa na watoto wa ndoa, mama hauzwi tena, na bwana akifa anakuwa huru. Kinga yake yote ilipitia tumboni mwake. Asiyezaa hakuwa na pa kushika.

Kanuni hiyo ilijenga dola. Seyyid Said, Sultani wa Unguja na Omani, alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36, kwa hesabu ya bintiye Salme, na wote walizaliwa na masuria. Mkewe wa ndoa, Azza binti Seif, hakuzaa naye. Majid na Barghash, waliotawala Unguja mmoja baada ya mwingine, ni watoto wa masuria. Salme mwenyewe alihama Unguja, akaolewa na Mjerumani, akachapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Ndani yake alimtaja mama yake, Jilfidan, mwanamke wa Kicherkesi aliyetekwa utotoni. Ni masuria wachache mno waliopata mtoto wa kuwaandika.

Tana ilitoa Jilfidan wengi. Hadi katikati ya karne ya 19 Waorma, ambao vitabu vya zamani vinawaita Wagala, walishika malisho ya bara kati ya Juba na Sabaki. Katika miaka ya 1860 ndui ikawadhoofisha, Wasomali wakawashambulia kutoka kaskazini na Wamaasai kutoka magharibi. Wanawake na wasichana waliotekwa waliuzwa, na wengi waliishia katika nyumba za Benadir, pwani ya Somalia, na za miji ya Lamu. Wapokomo nao, wakulima wa kingo za mto, waliishi na hofu hiyo hiyo ya kutekwa. Mkataba wa 1873 ulipofunga biashara ya watumwa baharini, misafara ilipita nchi kavu kuelekea kaskazini na kuvuka Tana, mpaka Barghash alipoipiga marufuku nayo mwaka 1876. Wakati huohuo Witu, mji wa Sultani Ahmad Simba, uliwapokea watoro waliokimbia mashamba ya pwani. Nchi ileile ilikuwa njia ya utumwa na kimbilio la walioukimbia.

Ukombozi nao uliwachelewa wanawake waliokuwa masuria. Amri ya Unguja ya 1897 iliufuta utumwa mbele ya sheria, lakini masuria waliachwa nje hadi 1909. Watawala waliona kwamba kumgusa suria ni kuingia chumbani mwa bwana. Miaka 12 mwanamke akabaki alipokuwa, huku waliolima mikarafuu wakiweza kudai uhuru wao.

Baada ya hapo wapo wanawake waliojijengea maisha kwa kazi zao. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika ukoo wa watumwa, aliingia Unguja mjini akiuza vyungu, na mwaka 1928 akarekodi nyimbo zake Bombay. Nairobi nako, katika mitaa ya Pangani na Pumwani, malaya wa wakati wa mkoloni walikaa vyumbani mwao, wakawapa wanaume chai, chakula, maji ya kuoga na mazungumzo, kisha fedha zao wakazigeuza nyumba. Wengi walisilimu, wakafanya udugu na wanawake wenzao, waliowazika na kuwarithi. Pangani ilibomolewa mwaka 1939. Tofauti yao na suria ni kubwa: hawa walimiliki kitu, wakachagua wa kumwachia.

Garsen ya leo ni njia panda ya Malindi, Lamu na Garissa. Ina gereji, hoteli na vyumba vya kulala, na kama kila mji wa barabarani, wamo wanawake wanaoishi kwa wasafiri. Sheria ya Kenya inamwadhibu anayekula mapato ya kahaba, lakini anayekamatwa usiku, kwa sheria ndogo za miji, mara nyingi ni mwanamke mwenyewe. Ukame unapoua ng'ombe na mafuriko ya Tana yanapobeba mashamba, msichana asiye na mtaji hana njia nyingi. Anahukumiwa haraka na jamii ambayo nasaba zake, bara na pwani, zimejaa mama waliochukuliwa bila kuulizwa.

Hilo ndilo deni letu sisi tunaohifadhi turathi. Habari za Pate na Witu zimetunza safu za masultani. Nasaba za kina mama hazikupata mwandishi. Wazee wa Ngao, Kipini na Witu bado wanaweza kuulizwa bibi zao walitoka wapi na waliitwa nani. Hati za mirathi na wakfu zinaweza kusomwa upya kwa kumtafuta suria aliyeachiwa huru na mwanawe aliyerithi. Swali hilo liulizwe kwa heshima, maana lina uchungu kwa familia nyingi, lakini liulizwe sasa. Jamii inayokiri kwamba ilizaliwa pia na masuria itaona haya kumwita mwanamke wa Garsen takataka, na itakuwa na sababu ya kumpa mkopo, matibabu na ulinzi wa sheria kama raia yeyote.