Safu ya Lugha: Kisukuku

Kisukuku, wingi visukuku, ni mabaki au chapa ya kiumbe wa kale iliyohifadhiwa mwambani. Mnunuzi wa sato pale Ngokolo, Shinyanga, asidhani ni neno la mbali. Mahenge, katika mkoa jirani wa Singida, palikuwa na ziwa dogo la kreta, juu ya mwamba wa aina ileile inayobeba almasi Mwadui. Matope yake yalihifadhi samaki wa miaka milioni 46 hivi iliyopita. Mmoja wao wanasayansi walimwita Singida jacksonoides mwaka 1967. Wengine, Mahengechromis, ni wa familia moja na sato na furu. Sangara, japo leo anaishi nao ziwani Victoria, hayumo katika familia hiyo. Walimu wa Shinyanga, yatajeni majina hayo darasani.