Taa Zifuatazo Ngoma

Aghalabu husemwa kwamba kupamba nyumba kwa taa ziwakazo na kuzimika kwa kufuata muziki ni jambo la ugenini, lililotujia juzi tu pamoja na kompyuta. Sisi twaona usemi huo una nusu ya kweli. Chombo ni kigeni. Lakini kuitiisha taa chini ya ngoma, katika sikukuu ya nyumbani, ni kazi iliyojulikana katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado kabla nyumba zake hazijapata umeme.

Tuanze na neno. Kandili tumelipokea kutoka Kiarabu, nao Waarabu walilipata kwa Wagiriki, na Wagiriki kwa Walatini, waliosema candela. Katika neno hilo hilo la Kilatini ndimo lilimotoka candeia la Kireno. Basi askari wa ngome ya São João Baptista, iliyojengwa Ibo mwaka 1791, na wavuvi wa kisiwa hicho walikuwa wakiwasha taa zenye jina moja pasipo kujua. Mwalimu atafutaye mfano wa safari za maneno hana haja ya kwenda mbali.

Baada ya kandili ikaja karabai, na hapa yafaa tukae kidogo. Maulidi ya nyumbani husomwa usiku. Barzanji husomwa kwa mafungu, na baina ya fungu na fungu huimbwa kaswida kwa matari. Kisomo kifikapo kwenye kuzaliwa kwa Mtume, watu wote husimama, uvumba ukafuka na marashi yakanyunyizwa. Karabai nayo huwaka kwa nguvu ya hewa inayosukuma mafuta. Hewa ikipungua, mwanga hufifia, na hapana budi mtu aipige pampu. Tulipokuwa watoto tuliwaona vijana waliokabidhiwa kazi hiyo, na hawakuwa watumishi wa taa tu: walipaswa kukijua kisomo. Pampu ikipigwa wakati msomaji anasoma, kelele yake huudhi. Ikicheleweshwa, watu husimama katika nusu giza. Kijana hodari aliipiga matari yalipokuwa yakilia, hata watu waliposimama nyumba nzima ilikuwa nyeupe pepe. Mashine ya leo haifanyi zaidi ya hayo, ila kwa wepesi.

Pwani hii pia ilikuwa na uhusiano na taa kubwa zaidi. Ghuba ya Tungi, ambako ndiko Palma, ilidaiwa na Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar hadi Februari 1887, Wareno walipoitwaa kwa mizinga na kuiteka meli yake iliyoitwa Kilwa. Sultani huyo, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, jumba la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme. Mbele yake ulisimama mnara wenye taa safu juu ya safu, nao mabaharia wa Kiingereza wakaupa jina la utani: mti wa Krismasi wa Sultani. Bendi ya Sultani, yenye wapigaji Wagoa, ilikuwa ikipiga muziki uwanjani hapo. Hatusemi kwamba taa zile ziliifuata bendi. Twasema tu kwamba taa na muziki viliwekwa mahali pamoja, vionwe na watu wote. Mnara huo uliharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Jumba lenyewe lilisalia, hata sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi hasa.

Mti wa kweli ulikuwa umewashwa New York mnamo Desemba 1882, nyumbani kwa Edward Johnson, mshirika wa Edison. Ulikuwa na globu 80 nyekundu, nyeupe na za buluu, nao ulizunguka huku taa zikiwaka na kuzimika kwa zamu. Kupatana na muziki kulikuja baadaye sana. Mwaka 2004 mhandisi Carson Williams wa Mason, Ohio, alipamba nyumba yake kwa taa zipatazo 16,000, akazigawa katika njia 88, na kila njia ikapewa amri yake na kompyuta kwa kila kipande kidogo cha wimbo. Saa nyingi za kazi kwa dakika chache za furaha! Mwenye kuandaa maulidi atamwelewa.

Tangu mashambulio ya Mocímboa da Praia ya Oktoba 2017 na ya Palma ya Machi 2021, watu wengi wa pwani hii wamehamia Pemba na vitongoji vyake, na sikukuu zao zimehama pamoja nao. Tulialikwa katika maulidi ya namna hiyo, katika ua wa nyumba ya kupanga. Vijana walikuwa wametundika taa ndogo za rangi zenye kisikizi ndani yake, ambazo humeta zisikiapo sauti. Wengine huziita vimulimuli, na jina hilo twalipenda. Matari yalipolia zilimeta vizuri mno. Lakini zilimeta vilevile kwa kilio cha mtoto, kwa kikohozi cha mzee, na kwa pikipiki iliyopita njiani. Kisomo kilipokaribia mahali pa kusimama, mwenye nyumba akaamuru zizimwe, akaitoa karabai aliyokuja nayo kutoka kwao. Akawauliza vijana nani ataipiga pampu. Wakatazamana. Bibi mmoja aliyeketi upande wa wanawake akainuka, akaivuta kwake, akasubiri matari.