Matbaa, Redio na Mtandao: Historia ya Neno la Chuki

Katika miaka ya karibuni matusi na chuki katika mitandao ya kijamii vimekuwa kilio cha wengi, na sharika zetu hazikusalimika. Wapo wanaodhani kwamba balaa hili lilizaliwa pamoja na simu za mkononi. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Kila mara mwanadamu alipopata chombo kipya cha kueneza neno, chuki nayo ilikipanda chombo hicho; na sisi Walutheri hatuwezi kuisimulia historia hii kana kwamba ni ya watu wengine.

Tuanze nyumbani kwetu. Matengenezo ya Kanisa yaliyoanza Wittenberg mwaka 1517 yalienea upesi kwa msaada wa matbaa. Mwaka 1523 Martin Luther alitoa kijitabu kilichowataka Wakristo wawatendee Wayahudi kwa upole. Lakini mwaka 1543 alichapisha kitabu kingine, ambamo alishauri masinagogi yao yachomwe moto na nyumba zao zibomolewe. Uzee na maradhi aliyokuwa nayo si udhuru. Huyu ndiye aliyetufundisha, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, kwamba amri ya nane inatudai tumtetee jirani na kumnenea mema. Alilijua fundisho, akalivunja kwa kalamu yake mwenyewe.

Hata hivyo si wote walionyamaza. Josel wa Rosheim, msemaji wa Wayahudi wa Ujerumani, alipeleka malalamiko kwa baraza la mji wa Strasbourg, nalo likakataza kitabu hicho kisichapwe mjini humo. Lakini neno lililokwisha kuchapwa halirudi kinywani. Mwaka 1946, mbele ya mahakama ya Nürnberg, Julius Streicher, mwenye gazeti la chuki la Der Stürmer, alimtaja Luther katika kujitetea. Ilikuwa mwaka 1984, mjini Budapest, ndipo mkutano mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani ulipopokea tamko la kuyakataa maneno hayo. Zilikuwa zimepita karne nne na zaidi.

Mfano wa pili u karibu nasi. Redio ya RTLM ilianza kutangaza nchini Rwanda mwaka 1993. Wengi waliipenda kwa muziki na mizaha yake. Katikati ya mizaha hiyo Watutsi waliitwa mende. Na mauaji yalipoanza Aprili 1994, redio hiyo ilitaja hata majina ya watu waliopaswa kuwindwa. Waliouawa kwa muda wa siku 100 hivi walizidi 800,000, na wengi wao waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani waasisi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Katika rufaa ya mwaka 2007 baadhi ya makosa yalitenguliwa na vifungo vikapunguzwa, lakini wote watatu walibaki na hatia.

Mfano wa tatu ni wa mtandao wenyewe. Mwaka 2017 Warohingya zaidi ya 700,000 waliikimbia Myanmar na kuingia Bangladesh. Mwaka uliofuata wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walieleza jinsi Facebook ilivyotumika kueneza chuki dhidi yao, na kampuni hiyo ikakiri kwamba haikufanya ya kutosha kuizuia.

Tukiilinganisha mifano hii tunaona mwendo mmoja. Kwanza jirani huvuliwa jina lake, akapewa la mdudu au la adui. Kisha uvumi hurudiwa mpaka ukafanana na habari. Mwisho, wanaojua ukweli huona ni mzaha, wakanyamaza.

Je, sheria yatosha? Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na sheria yahitajika. Lakini sheria hiyo hiyo imelalamikiwa kwamba yaweza kumfunga mdomo mwenye kuwakosoa wakubwa. Kukosoa si kuchukia, na Kanisa lenye urithi wa manabii halina budi kuilinda tofauti hiyo.

Basi kazi yetu huanza mahali sheria isipofika: katika kipaimara, katika kwaya, na katika vikundi vya simu vya wazee na wachungaji. Tukiri kwamba hata humo tumeona mtumishi akichafuliwa jina kwa ujumbe usio na mwenyewe, nasi tukausoma, wengine wetu tukaupeleka mbele. Anayeupeleka ujumbe wa namna hiyo ameshiriki kuuandika. Josel hakuwa na matbaa wala jeshi. Alikuwa na barua na ujasiri wa kuipeleka kwa wenye mamlaka. Sisi tulio na mimbari hatuna udhuru wa kungoja karne nne.