Mikono ya Bibi Fatma na Jiwe la Kusagia

Ndugu zetu, tunapoloweka mchele wa vibibi usiku na kuusaga asubuhi kwa blenda, tunafanya kwa dakika chache kazi iliyokuwa ikitoa malengelenge. Imo katika Sahihi Bukhari: Bibi Fatma (R.A.), mikono imeumizwa na jiwe la kusagia, alikwenda kwa baba yake (S.A.W.) kuomba mtumishi. Usiku Mtume akamjia yeye na Sayyidna Ali, akawafundisha tasbihi. Humo pia Sahl bin Saad (R.A.) anaeleza kwamba hawakuwa na chekeche. Walisaga shayiri, wakaipuliza, makapi yakaruka, iliyobaki wakaitia maji wakala.

Viwanda vikaja kuwapumzisha kina mama, lakini vikaondoa na pumba. Huko Java, miaka ya 1890, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa wakipooza miguu, mfano wa wagonjwa wa beriberi. Walipopewa mchele wenye pumba wakapona. Kilichokosekana ni vitamini B1.

Blenda ilibuniwa Marekani na Stephen Poplawski mwaka 1922, tena kwa ajili ya vinywaji tu! Leo inatusagia mchele usiokobolewa, uwele hata mtama, pamoja na tui, hamira na iliki, pumba ikibaki humo humo. (Kina baba, kitufe hakichagui mkono.) Loweka usiku kucha, saga mpaka ulainike; chenga zikibaki, kibibi hukatika ukikibandua.