Chakula cha mbwa: kutoka chungu cha ulezi hadi mboga za kutwanga

Siku hizi swali la chakula cha mbwa linaulizwa sana, hasa na vijana walioona kwenye simu watu wa mbali wakiwalisha mbwa nyama mbichi na mboga mbichi. Wanauliza: je, na sisi tufanye hivyo? Mboga ziandaliwe vipi? Majibu nitayatoa mwishoni. Kwanza tuangalie historia, kwa sababu ukijua mbwa amekula nini tangu zamani, utajua pia kipi kimemfaa na kipi kimewaumiza watu waliomlisha.

Mbwa na nafaka ni marafiki wa zamani

Neno letu "mbwa" lina ndugu wengi. Wabemba wanasema imbwa, Wanyarwanda imbwa, Waganda embwa. Neno likifanana hivyo katika lugha zilizosambaa mbali, ni dalili kwamba mababu wa Wabantu walikuwa na mnyama huyu kabla hawajatawanyika. Alitembea nao, akalinda nao, akala walichobakiza.

Mbwa wa kufugwa ametokana na mbwa mwitu wa Ulaya na Asia. Hatokani na mbwa mwitu wa mbugani kwetu, wale wenye mabaka. Mwaka 2013 wanasayansi wa Sweden walitangaza jambo la kuvutia. Mbwa mwitu ana nakala 2 tu za kinasaba kinachotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga, lakini mbwa wa kufugwa ana kati ya 4 na 30. Maana yake ni kwamba kukaa na wakulima kumembadilisha mbwa hadi ndani ya mwili. Kwa hiyo anayekuambia ugali ni sumu kwa mbwa hajasoma historia. Ugali peke yake haumtoshi, hilo ni kweli, lakini tumbo lake linauweza.

Chungu cha Ufipa

Msafiri Joseph Thomson alipita Ufipa mwaka 1880, akafika hadi Ziwa Rukwa. Aliwaeleza Wafipa kama watu wa jembe hasa. Chakula kikuu wakati ule kilikuwa ulezi, uliolimwa pamoja na maharage katika nchi ya matuta makubwa ya kufukia majani. Mboga zilikuwa za kuchuma: mlenda, mchicha, majani ya kunde na ya maboga. Mbwa alipata makombo ya chungu hicho, na mwenyewe akajiongezea panya na mabaki ya windo.

Kabichi na karoti zilikuja baadaye. Majina yenyewe yanaonyesha ugeni wao. Wamisionari wa White Fathers walikabidhiwa Karema mwaka 1885, kisha wakaingia ndani ya Ufipa, na kote Afrika Mashariki bustani za misheni na za wakoloni zilikuwa njia mojawapo ya mboga hizo kutufikia.

Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na mahindi. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974. Miaka hiyohiyo Serikali ilisukuma kilimo cha mahindi kwa mbegu, mbolea na bei moja nchi nzima, na Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Ndipo pumba za mashine zikawa chakula cha mbwa. Wafugaji wa Kisukuma nao walipohamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao, mbwa wa kuchunga wakaongezeka, na mabaki ya machinjo pia.

Hapo tukapata vitu viwili ambavyo mbwa wa enzi za ulezi hakuvipata kwa wingi: pumba na matumbo ya ng'ombe. Vyote viwili vina faida, na vyote viwili vina hatari yake.

Biskuti ya London

Huko Uingereza, karibu mwaka 1860, Mmarekani James Spratt aliona mbwa wa bandarini wakila biskuti ngumu zilizotupwa na mabaharia. Akatengeneza biskuti za mbwa kwa unga wa ngano, mboga, kiazi sukari chekundu na nyama, akaziuza kwa matajiri. Biashara ya chakula cha mbwa cha kununua ilikua kutoka hapo. Tazama kwamba mboga zilikuwamo tangu mwanzo, ila zilisagwa na kuokwa.

Zaidi ya miaka 100 baadaye watu wakaanza kugeuka. Mwaka 1993 daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, alitoa kitabu cha kuwahimiza watu warudi kwenye mifupa yenye nyama mbichi na mboga mbichi. Video nyingi mnazoziona zinatokana na mkondo huo. Lakini hata yeye hakusema mbwa atupiwe jani zima la kabichi. Alitaka mboga zipondwe hadi ziwe rojo.

Sababu ni hii. Meno ya mbwa hukata na kurarua, hayasagi kama ya ng'ombe. Utumbo wake ni mfupi. Jani zima au kipande cha karoti hutoka kama kilivyoingia. Wazungu wananunua mashine ya umeme ili kuponda. Sisi tuna kinu, na kinatosha kabisa.

Kinachotupwa kwa mbwa hurudi nyumbani

Sasa tufike kwenye nyama mbichi, kwa sababu hapa historia inatoa onyo kali.

Karne ya 19 wananchi wa Iceland, nchi ya wafuga kondoo, waliteswa na uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu. Mwaka 1863 mtaalamu wa Denmark, Harald Krabbe, alikwenda kuchunguza. Chanzo kilikuwa mnyoo tegu mdogo wa mbwa. Kondoo akichinjwa, viungo vyenye malengelenge ya maji hutupiwa mbwa. Mbwa hupata minyoo. Mayai ya minyoo hutoka kwenye kinyesi chake na kushika kwenye manyoya. Mtoto anayecheza naye huyameza, na uvimbe huota ndani ya mtoto. Wananchi waligawiwa kijitabu cha kuwaelekeza, wakaacha kuwapa mbwa viungo hivyo, na karne iliyofuata ugonjwa ukatoweka.

Karibu na kwetu, Turkana kaskazini mwa Kenya imekuwa mojawapo ya sehemu zenye wagonjwa wengi zaidi wa uvimbe huo duniani. Miaka ya 1980 shirika la AMREF liliendesha kampeni huko ya kutibu watu na kudhibiti mbwa. Uvimbe huu unaweza kukua kwa miaka bila dalili, na tiba yake mara nyingi ni upasuaji. Fikiria gharama ya kumpeleka mtoto kupasuliwa kwa sababu ya pafu la ng'ombe lililotupwa nyuma ya banda.

Pumba nazo zina kisa chao. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kula mashudu ya karanga yenye ukungu, na hapo sumukuvu ikagunduliwa. Mwaka 2005 mbwa wengi wa Marekani walikufa kwa chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ikaua watu hapa Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi yaliyoota ukungu tumezoea kusema "wape mbwa". Mbwa naye ana ini. Akifa, nguruwe pori na ngedere wanabaki na shamba lako.

Basi tufanyeje?

1. Chagua mboga salama: karoti, boga, majani ya maboga, matembele, mchicha, kabichi kidogo. Osha kwa maji safi, kata sehemu zilizooza.

2. Twanga kwenye kinu au paruza hadi iwe laini. Boga na karoti zinaweza kuliwa mbichi zikitwangwa. Mchicha na matembele tokosa dakika chache, mwaga maji, kisha twanga.

3. Kisamvu usimpe kibichi kamwe. Muhogo una sumu inayotoka kwa kutwanga, kuloweka na kupika. Mwaka 1985 huko Tarime watu walipooza miguu kwa kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vizuri. Mama zetu hawakutwanga na kuchemsha kisamvu muda mrefu kwa kupenda kazi.

4. Usitie kitunguu maji wala kitunguu saumu, maana huharibu damu ya mbwa. Epuka pia zabibu, viazi mviringo vyenye rangi ya kijani na maharage mabichi. Hii ina maana kwamba mchuzi wetu uliokaangiwa kitunguu haumfai.

5. Mboga ziwe nyongeza ndogo, kama sehemu moja kati ya kumi ya chakula. Kinachobaki kiwe ugali au wali pamoja na dagaa, utumbo au nyama.

6. Nyama, ini, mapafu na utumbo chemsha hadi viive kabisa. Ukiona malengelenge ya maji, choma moto au fukia chini sana mahali mbwa hafukui. Mifupa iliyopikwa usimpe, huvunjika vipande vikali na kutoboa utumbo.

7. Pumba zenye harufu ya uvundo au ukungu usimpe mbwa, kuku wala nguruwe.

8. Mpe mbwa dawa ya minyoo kwa ushauri wa afisa mifugo, na watoto wanawe mikono baada ya kumshika.

Kwa wafanyabiashara: mboga zilizobaki sokoni jioni, zikiwa hazijaoza, zinaweza kuuzwa kwa bei nafuu kwa wafuga mbwa badala ya kutupwa. Wachinjaji nao, viungo vyenye malengelenge si bidhaa. Usiviuze, na usimpe mtu bure.

Kwa hiyo jibu langu kwa vijana ni hili: mboga mbichi ndiyo, zikioshwa na kutwangwa, nyama mbichi hapana. Ukiwa na swali, fika ofisi ya kata au uliza hapa. Tukutane makala ijayo.