Madhehebu na Mitaa: Uchaguzi wa Kanisa Mashariki mwa Nairobi

Neno madhehebu tulilipokea kutoka Kiarabu kwa mkono wa Uislamu. Huko huonyesha njia ya kufasiri sheria: Mshafii na Mhanafi hutofautiana, na bado, kwa kawaida, mmoja husali nyuma ya mwenziwe. Wakristo walilichukua neno hilo bila ya kuichukua ruhusa yake.

Ushahidi ni mkutano wa Kikuyu, karibu na Nairobi, wa Juni 1913. Wamisionari wa Kiprotestanti walijadili shirikisho, kisha wakashiriki Meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Waskoti. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliwashtaki kwa uzushi maaskofu wenzake wawili, Willis wa Uganda na Peel wa Mombasa. Mzozo ukafika Canterbury.

Muumini wa kawaida hakuguswa sana, kwani misheni hizo zilikuwa zimegawana nchi: Waskoti Thogoto na Tumutumu, Wamethodisti Meru, Marafiki Kaimosi tangu 1902, Waanglikana Maseno tangu 1906. Mtu hakuchagua kanisa. Alizaliwa ndani ya mpaka wake.

Mitaa ya Pumwani, Kaloleni, Bahati na Jericho iliivunja mipaka hiyo. Hapo itikadi ikawa jambo la nyumbani. Rafiki wa Kaimosi habatizwi kwa maji wala hapokei mkate na divai. Mchumba wake Mwanglikana alibatizwa akiwa mchanga. Jirani yao Mbatisti atasema kwamba wote wawili hawajabatizwa, mpaka wazamishwe wakiwa na akili zao. Mtoto wao basi atapelekwa wapi?

Wengi walijibu kwa kufuata lugha ya nyumbani. African Brotherhood Church, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1945, iliwakusanya hasa Wakamba. Welbourn na Ogot, katika kitabu chao cha 1966 juu ya makanisa mawili ya magharibi mwa Kenya, waliona kwamba watu walitafuta mahali pa kujiona wako kwao. Nakubali, ila nusu tu. Legio Maria, iliyojitenga na Wakatoliki mwaka 1963, wafuasi wake wa kwanza wakiwa hasa Wajaluo, iliendelea kutumia Kilatini katika Misa. Ikiwa shabaha ilikuwa lugha ya nyumbani pekee, Kilatini kilikuwa cha kazi gani? Walioondoka Roma hawakutaka kuiacha Misa, na hilo ni suala la itikadi kabla ya kuwa la kabila.